Siku Nne Roma, Kutoka Rapsu

Tuseme marafiki wawili wa kijiji cha Rapsu, Kenya, wamekaa chini ya mgunga jioni, mmoja mfugaji, mwenzake ana kishamba kwenye mradi wa umwagiliaji, mara mmoja anazua wazo: twende Roma siku nne, tuone, turudi. Mtu wa Munich akipata wazo hilo Alhamisi, Ijumaa yuko kwenye treni. Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15. Ubalozi nao una siku 15 za kuamua, na ukitaka kuchunguza zaidi, hadi 45. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Ongeza bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000.

Safari ya Waitaliano ninayoipenda mimi ilifanyika huku kwetu. Januari 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki ili kupanda Mlima Kenya. Wawili kati yao walifika Point Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakajirudisha kambini. Hakuna aliyewadai taarifa ya benki.

Afisa wa viza wa leo anaidai, kwa sababu anataka kuridhika na mambo mawili: kwamba una fedha za kujikimu, na kwamba utarudi. La kwanza ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Kwa ziara ya siku 1 hadi 5, Italia iliweka kiwango mwaka 2000: yuro 269.60 kwa anayesafiri peke yake, na yuro 212.81 kwa kila mmoja wakiwa wawili au zaidi. Kumbe hata kwenye sheria, kuwa na rafiki ni nafuu. Hicho ni kiwango cha chini tu, na Roma hakiendi mbali.

La pili ndilo linalowakwamisha wafugaji. Mwenye ng'ombe 40 Rapsu ni mtu wa mali, na kijiji kizima kinajua. Atawaacha na nani mpaka ahamie Ulaya? Lakini ng'ombe hawaonekani kwenye taarifa ya benki. Akiuza kadhaa mnadani wiki moja kabla na kuweka fedha zote kwa mpigo, afisa anaona akaunti iliyolala miezi mitano kisha ikafura usiku mmoja. Anachokisoma hapo ni fedha za kuazima, na barua ya kukataa inasema kuna shaka kama mwombaji ataondoka kabla ya viza kuisha.

Kwa hiyo uza mapema, kidogo kidogo, na kila shilingi ipite benki au M-Pesa. Ile risiti ya ushuru wa mnada, ambayo wengi huikunja na kuitupa wakishatoka getini, itunze: ina tarehe, na tarehe hiyo ikilingana na fedha zilizoingia, umejieleza bila kufungua mdomo. Mkulima ana nafuu kidogo, maana barua ya kikundi chake inaweza kutaja kipande chake cha shamba na mwezi wa kuvuna. Barua ya chifu inasaidia, ila peke yake haina uzito.

Kila mmoja anaomba kivyake. Mmoja anaweza kupewa na mwenzake akanyimwa, kwa hiyo pelekeni nafasi ya ndege iliyoshikwa tu, na tiketi mnunue viza ikishatoka.

Njia ya Addis Ababa inawafikisha uwanja wa ndege wa Fiumicino, ambako wageni sasa hupigwa picha na kukaguliwa alama za vidole mpakani. Kutoka hapo treni ya Leonardo Express inafika stesheni ya Termini kwa dakika 32. Siku zenu nne zikiangukia Ijumaa na mkitaka kuswali, Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, uko kaskazini mwa jiji.