Mahakama Kuu ya Zanzibar: Chimbuko, Muundo na Nafasi Yake katika Muungano



1. Utangulizi

Mhadhara huu unakusudia kueleza mambo mawili: namna Mahakama Kuu ya Zanzibar ilivyozuka na kukua, na namna ilivyopangwa hivi leo ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Huenda baadhi yenu mkauliza kwa nini somo la sheria lifike katika ukumbi wa taaluma za Kiswahili. Jibu langu ni kwamba historia ya mahakama zetu imeandikwa ndani ya maneno yetu. Mzanzibari husema kadhi, hakimu, jaji, korti, wakili, mahakama, na mara chache hutambua kuwa kila neno liliingia na utawala wake. Kadhi, hakimu na wakili ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Jaji na korti yametoka kwa Waingereza. Yote yapo hai mpaka leo, kwa sababu hakuna utawala ulioweza kuufuta kabisa ule uliotangulia.

Hoja yangu kuu ni moja. Mahakama Kuu ya Zanzibar si tawi la mahakama ya Muungano, wala si mahakama ya nchi inayojitegemea kikamilifu. Ni mahakama iliyoutangulia Muungano na kubaki nao. Kwa hiyo swali kubwa katika maisha yake halikuwa nani ana haki ya kushitaki. Lilikuwa, na bado ni, nani mwenye neno la mwisho.

2. Kabla ya 1890: Baraza, Kadhi na Balozi

Katika Zanzibar ya Masultani wa Kibusaidi, haki ilitafutwa barazani kwa Sultani au mbele ya kadhi. Watawala walikuwa Waibadhi, ilhali raia wengi walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafii. Hivyo palikuwa na makadhi wa madhehebu yote mawili, kila mmoja akihukumu kwa fiqhi ya watu wake. Miongoni mwa makadhi waliovuma ni Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, mwanachuoni ambaye maisha yake ya kazi yalianza enzi ya Masultani na kuendelea chini ya Himaya ya Kiingereza.

Kando ya kadhi palikuwa na mamlaka nyingine. Mikataba ya biashara ambayo Seyyid Said aliitia saini na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844, iliwapa mabalozi uwezo wa kuamua magomvi ya raia wao. Baada ya Sheria ya Kifalme ya 1866, balozi wa Kiingereza alikuwa na mahakama kamili. Na kwa kuwa Wahindi wengi wa Mji Mkongwe walihesabiwa kuwa raia wa Mfalme wa Uingereza au watu walio chini ya ulinzi wake, biashara kubwa ya mji iliangukia mikononi mwa mahakama hiyo. Watu wawili wa mtaa mmoja waliweza kuishi chini ya sheria mbili.

3. Enzi ya Himaya, 1890 hadi 1963

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Mwaka 1897 mahakama ya balozi iligeuzwa kuwa Mahakama ya Malkia wa Uingereza kwa Zanzibar. Sheria zilizotumika humo kwa sehemu kubwa zilikuwa za India, na rufaa zake zilivuka bahari hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Baadaye zilihamishiwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na kutoka hapo ziliweza kufika Baraza la Mfalme, London.

Mwaka huohuo wa 1897, tarehe 6 Aprili, ilitolewa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Amri hiyo yafaa itazamwe vyema. Haikumwachia huru mtumwa yeyote kwa nguvu yake yenyewe. Ilimtaka mtumwa aombe uhuru wake mbele ya vyombo vya sheria, na ilimpa bwana wake haki ya kudai fidia. Mwenye mali alilipwa. Aliyekuwa mali alitakiwa asafiri, asimame mbele ya mwenye mamlaka, aeleze shauri lake na kisha aamue ataishi wapi. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi, lakini mzigo wa kuufikia aliachiwa mnyonge. Hatua ya mwisho ya kukomesha utumwa ilichukuliwa mwaka 1909.

Mwanzoni mwa karne ya 20 majaji wa Kiingereza walikaa katika mahakama mbili kwa wakati mmoja: Mahakama ya Sultani kwa raia zake, na Mahakama ya Uingereza kwa raia wa Kiingereza na wageni. Chini yao walikuwepo mahakimu, makadhi na mamudiri. Kipindi hicho ndipo lilipojengwa jengo la mahakama la Vuga, kazi ya John Houston Sinclair, ofisa aliyekuwa pia msanifu wa majengo na ambaye baadaye alikuwa Mkaazi wa Kiingereza. Kuba na matao ya jengo hilo huiga usanifu wa Kiislamu, ingawa sheria iliyosomwa ndani ilikuwa ya Kiingereza na Kihindi.

Kadhi hakuondolewa. Alipunguziwa eneo. Makosa ya jinai na biashara yaliondoka mikononi mwake, akabakiziwa ndoa, talaka, mirathi na mambo yanayofanana na hayo. Mgawanyo huo ndio tulionao hadi leo.

4. Mapinduzi na Mahakama za Wananchi

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuondoa usultani, na tarehe 26 Aprili mwaka huo Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Hati za Muungano zilitaja mambo 11 yatakayokuwa ya Muungano. Mahakama hazikuwamo. Kutokutajwa huko, ambako pengine kulionekana jambo dogo, ndiko kulikoiacha Zanzibar na mahakama zake yenyewe.

Uhuru huo wa kujipangia ulitumika kwa njia nzito. Kwa sheria ya mwaka 1969 ziliundwa Mahakama za Wananchi, zilizoanza kazi mwaka 1970. Kila moja ilikuwa na wajumbe 3 ambao hawakulazimika kuwa na elimu ya sheria, na mawakili hawakuruhusiwa. Watetezi wa mpango huo walisema kuwa umeleta haki karibu na mwananchi, kwa lugha yake na bila ada ya wakili. Kauli hiyo haikukosa ukweli. Hata hivyo, mizani ya chombo hujulikana siku ya mzigo mzito.

Siku hiyo ilifika baada ya kuuawa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1973 ilihusu washitakiwa 81. Kwa kuwa mawakili walikatazwa, Mwanasheria Mkuu aliyeendesha mashitaka ndiye pia aliyepewa kazi ya kuwasemea washitakiwa. Baadhi ya washitakiwa, akiwamo Abdulrahman Mohamed Babu, walikuwa wamezuiliwa Tanzania Bara, na Rais Nyerere hakukubali kuwakabidhi. Babu alihukumiwa kifo mwaka 1974 bila ya kuwapo mahakamani. Aliachiwa kutoka kizuizini mwaka 1978. Hivyo ndani ya Jamhuri moja, ng'ambo moja ya bahari mtu alikuwa amehukumiwa kifo, na ng'ambo ya pili hukumu hiyo haikutekelezwa.

5. Muundo Mpya baada ya 1984

Katiba ya Zanzibar ya 1984 iliweka msingi mpya, na sheria zilizotungwa mwaka 1985 zikaunda upya Mahakama Kuu, mahakama za mahakimu na mahakama za kadhi. Mahakama za Wananchi zikafikia mwisho wake, na wakili akarudi. Katika kipindi hicho Jaji Mkuu wa Zanzibar alikuwa Augustino Ramadhani, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1980 hadi 1989. Baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, 2007 hadi 2010. Maisha yake ya kazi yaonesha kuwa vyeo hivyo viwili ni tofauti: Jaji Mkuu wa Zanzibar si naibu wa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Jaji Mkuu huteuliwa na Rais wa Zanzibar kwa kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Chini ya Mahakama Kuu zipo Mahakama za Mikoa, za Wilaya na za Mwanzo. Zipo pia mahakama za kadhi, ambazo sheria yake ilitungwa upya mwaka 2017, na Mahakama ya Ardhi iliyotokana na sheria ya 1994. Makao ya Mahakama Kuu, yaliyodumu Vuga kwa miongo mingi, yamehamia Tunguu katika miaka ya karibuni.

Tuutazame muundo huu kwa macho ya mkaazi wa Mpendae, mtaa ulio nje ya Mji Mkongwe. Akishitakiwa kwa wizi, ataanzia kwa hakimu. Rufaa yake yaweza kupanda hadi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Akigombania kiwanja, ataanzia Mahakama ya Ardhi, na njia ya juu itamfikisha palepale. Lakini mkewe akidai matunzo ya watoto kwa kadhi, shauri litapanda ngazi za kadhi na kufika mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu anayesaidiwa na maulamaa. Halitavuka bahari. Nyumba moja, mashauri matatu, na mwisho wake si mmoja.

6. Mahakama Kuu ndani ya Muungano

Hapa ndipo penye kiini cha mada. Katika Marekani, serikali ya shirikisho ina mahakama zake za wilaya katika kila jimbo, na mahakama za jimbo zina majengo na majaji wao. Raia akivunja sheria ya shirikisho, hupelekwa mahakama ya shirikisho. Tanzania haikufuata njia hiyo. Hakuna mahakama ya Muungano inayosikiliza kesi za kawaida za mwanzo Unguja au Pemba. Ibara ya 114 ya Katiba ya Muungano yaeleza kwamba sura inayohusu mahakama haizuii kuendelea kuwapo kwa Mahakama Kuu ya Zanzibar. Na Ibara ya 115 yaipa mahakama hiyo uwezo wa kutumia sheria ya Muungano sambamba na Mahakama Kuu ya Tanzania. Kwa maneno mepesi, jaji wa Zanzibar huvaa kofia mbili.

Daraja la kuunganisha ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kuongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Lakini daraja hilo lina vizuizi. Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar yaizuia Mahakama ya Rufani kusikiliza tafsiri ya Katiba hiyo, na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za kadhi. Hali hii si ya kwetu pekee. Scotland iliungana na England mwaka 1707 ikabaki na mahakama zake, na kwa muda mrefu kesi zake za jinai zilikoma Edinburgh wakati za madai zikienda London.

Uzito wa mipaka hii ulidhihirika katika shauri la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Wanachama hao wa Chama cha Wananchi, CUF, walishitakiwa kwa kosa la uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar, na walikaa rumande kwa muda unaokaribia miaka 3. Mwezi Novemba 2000 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili. Dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo kosa hilo haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Washitakiwa wakaachiwa.

Tazameni basi nguvu ya neno. Uhuru wa watu 18 ulitegemea maana ya dola. Uamuzi huo uliwatoa watu gerezani, na papo hapo uliwachoma Wazanzibari wengi, hata wale waliofurahia kuachiwa kwa ndugu zao, maana ulitamka wazi kuwa Zanzibar si dola. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa kwa mara ya 10, ikaitaja Zanzibar kuwa nchi miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri. Nchi, si dola. Mtunga sheria alichagua neno ambalo Kiswahili kimelipa upana: nchi yaweza kuwa ardhi, wenyeji wake au utawala wake.

Zikigombana serikali mbili juu ya maana ya Katiba ya Muungano, Katiba hiyo imeandaa Mahakama Maalumu ya Katiba, nusu ya wajumbe wake wakiteuliwa na kila upande, na uamuzi ukihitaji theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Mahakama hiyo haijawahi kukaa.

7. Hitimisho

Tumeona kuwa neno la mwisho limehama mara nyingi: kutoka kwa Sultani na kadhi hadi Bombay na London, kisha kwa vyombo vya Mapinduzi, na sasa limegawanywa kati ya Zanzibar na Mahakama ya Rufani. Mgawanyo huu una kasoro zake, ila umetupatia jambo ambalo washitakiwa wa 1973 hawakulipata: wakili wa kukusemea.

Limebaki jukumu linalotuhusu sisi wa taaluma hii. Mahakama za chini za Zanzibar huzungumza Kiswahili, lakini hukumu nyingi za ngazi za juu zimeandikwa kwa Kiingereza. Tanzania Bara ilitunga sheria mwaka 2021 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Sheria peke yake haitoshi. Ikiwa maana ya neno moja yaweza kumfungulia mtu mlango wa gereza, basi kuyachambua maneno hayo, kuyawekea fasili na kuyafundisha ni kazi ya haki kama ilivyo kazi ya lugha.