Shilingi 350 ni za Mtu: Miezi Mitatu ya Atachimenti Kwenye Dawati Letu la Fedha

Kila mwaka, likizo ndefu ya vyuo inapokaribia, barua za kuomba atachimenti hujaa mezani kwetu. Kati ya waliopata nafasi safari hii alikuwamo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesomea uhasibu. Jina lake hatulitaji. Yeye mwenyewe ameomba hivyo, na utaona kwa nini.

Siku ya kwanza tulimwuliza swali tunalomwuliza kila mgeni wa idara: umewahi kupoteza pesa kwa simu? Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Ndiyo. Na nilizipoteza nikitafuta atachimenti."

Miezi michache kabla ya kuja kwetu, alikuwa amepata ujumbe wa kumpongeza: amechaguliwa, nafasi ni chache, atume shilingi 2,000 za usajili na kitambulisho cha kazi kabla ya saa kumi jioni. Hakuwa nazo. Alimpigia mamake, ambaye huuza mboga, naye akamtumia pesa alizokuwa ameweka za mchango wa chama. Alipokuwa akituma, simu ilimwonyesha jina la atakayepokea. Lilikuwa jina la mtu binafsi, si la kampuni. "Niliona," alituambia. "Nikadhani ni mhasibu wao."

Usiku huo nambari ile haikupatikana tena. Kwa aibu, hakumwambia yeyote. Alipopiga simu kwa huduma kwa wateja siku mbili baadaye, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala.

Kila asubuhi, hesabu lazima zikutane

Kazi tuliyompa ilikuwa kusaidia kulinganisha hesabu. Wateja wengi hawajui kwamba pesa unazoweka kwenye simu si mali ya kampuni. Kanuni za mifumo ya malipo za mwaka 2014 hapa Kenya zinataka pesa za wateja ziwekwe kwenye akaunti ya amana, kando na pesa za kuendesha biashara. Kwa hivyo ukijumlisha salio la wateja wote na mawakala wote, jumla hiyo inapaswa kuwa sawa na pesa zilizoko benki. Dawati letu huangalia hilo kila asubuhi.

Wiki ya tatu, zilikataa kukutana. Benki ilikuwa na shilingi 350 zaidi ya zile zilizokuwa kwenye simu za wateja. Mwanafunzi wetu akacheka, akasema si ni pesa kidogo tu, tena zimezidi, hazijapungua. Msimamizi wake hakucheka. "Hizo 350 ni za mtu," alimwambia. "Na huyo mtu huenda sasa hivi anangoja unga."

Ilimchukua siku nzima kupitia orodha mstari kwa mstari. Kumbe mteja mmoja alikuwa amehamisha pesa kutoka akaunti yake ya benki kwenda kwenye simu, mtandao ukakatika katikati. Benki ikakata, simu haikupokea. Pesa haikuwa imepotea, ilikuwa imekwama njiani. Kilichosaidia kuipata haraka ni kwamba mteja alikuwa amehifadhi ujumbe wa benki wenye nambari ya muamala. Jioni hiyo 350 zake zikaingia.

"Nilikuwa nafikiri pesa ikienda imeenda," mwanafunzi alituambia. "Sikujua kuna mtu anaitafuta."

Dakika zinavyohesabika

Wiki kadhaa baadaye likaja lalamiko alilolijua vizuri: mzazi ametuma pesa za "usajili" wa kazi ya mwanawe. Tofauti ni kwamba huyu alishtuka mara tu alipotuma, akaona jina si la kampuni, akapiga simu hapo hapo. Pesa bado zilikuwa kwenye laini ya aliyepokea. Zikazuiwa, madai yakachunguzwa, zikarudi.

Hila ni ile ile, ila mmoja aliripoti baada ya dakika chache na mwingine baada ya siku mbili. Tukizuia pesa, tunazuia zile zilizobaki kwenye laini. Zikishageuka noti mkononi mwa mtu, inabaki kuwa kazi ya polisi. Mwanafunzi wetu aliomba kutoka nje kidogo. Aliporudi alisema, "Aibu ndiyo ilinila. Si yule mwizi peke yake."

Kwa hivyo, mteja wetu, haya ndiyo aliyotuomba tukuandikie:

- Mwajiri wa kweli hakuombi pesa ili akupe kazi au atachimenti. Ukiambiwa ulipe kwanza, na tena uharakishe, hapo simama.
- Soma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Likikutia shaka hata kidogo, usitume.
- Ukikosea au ukitapeliwa, piga simu kwa nambari yetu rasmi saa hiyo hiyo. Usingoje kesho, na usione haya. Hatutakuuliza namba yako ya siri.
- Pesa ikikwama kati ya benki na simu, usitume mara ya pili kwa pupa. Angalia salio, kisha tupigie ukiwa na nambari ya muamala.
- Usifute ujumbe wa malipo. Ndio ushahidi wako.
- Ukipokea pesa usizozijua, usimrudishie mtu anayekupigia. Angalia kwanza salio lako, maana ujumbe wenyewe unaweza kuwa bandia. Kama pesa zimeingia kweli, tuachie sisi tuzirudishe.

Siku ya mwisho, mwanafunzi wetu alipokea posho yake ya mwezi. Kabla hajatoka ofisini alimtumia mamake shilingi 2,000. Tulimsikia akisoma jina la mamake kwa sauti, polepole, majina yote mawili, ndipo akaweka namba ya siri. Dakika moja haikuisha simu ikalia.

"Hizi ni za nini?" mama akauliza.

"Za chama, Mama," akajibu. Kisha akaketi na kumweleza kisa chote kwa mara ya kwanza.