Gazi inawaka, lakini tope bado lina mayai ya minyoo

Choo cha shule kikijaa, lile tope linapelekwa wapi? Mara nyingi hatuulizi, maana jibu tunalijua. Vijana wanakuja usiku na ndoo, wanalimwaga kwenye mfereji au shambani, na lenga-lenga inaota vizuri kabisa.

Hivi karibuni akina mama wa kanisa moja walituuliza: tukijenga tanki la gazi, tope litakalotoka tuweke kwenye mboga?

Mfano uko karibu. Ng'ambo ya Ruzizi, ukivuka kutoka Bukavu, gereza la Cyangugu lilijengewa tanki la namna hiyo mwaka 2001 na taasisi ya Kigali iliyoitwa KIST. Kinyesi cha wafungwa kiliingia chini ya ardhi, mahali pasipo hewa, na gazi ilipika chakula chao. Katika magereza yaliyopata matanki hayo, kuni zilipungua karibu nusu. Mwaka 2005 KIST ilipata tuzo ya Ashden huko Uingereza.

Ndani ya tanki viumbe wadogo wanafanya kazi kwa zamu. Wa kwanza wanavunja vitu vigumu: mafuta, nyuzi za mimea, maganda ya vijidudu vilivyokufa. Wengine wanageuza mabaki hayo kuwa asidi. Wa mwisho wanakula asidi na kutoa metani, ile inayowaka. Wanaochelewesha kazi ni wale wa kwanza. Ni kama jikoni kwenye arusi: wanaomenya mihogo wakikawia, sufuria zinangoja.

Ndiyo maana mitambo fulani ya Ulaya na Marekani ina tanki dogo mbele ya lile kubwa. Humo tope linakaa siku mbili hivi kwenye joto la nyuzi 55, bakteria wapenda joto wanalimenya, kisha linaingia tanki kubwa la nyuzi kama 35 kwa wiki mbili au zaidi. Gazi inaongezeka. Na kwetu sisi la maana zaidi: joto lile, likishika tope lote kwa siku nzima, linaua mayai ya minyoo ya askarisi.

Tanki letu la udongoni halina joto hilo, na Bukavu kuna baridi. Vijidudu vya kipindupindu havivumilii muda mrefu, lakini mayai ya askarisi yanazama chini, yanatoka na tope yakiwa mazima, na yanaweza kuishi udongoni miaka. Mtoto anayetafuna mboga isiyopikwa anayameza.

Basi kazi ile ya joto tuifanye nje. Tope likaushwe kidogo, lichanganywe na majani makavu, lirundikwe mpaka ndani lipite nyuzi 50 na libaki hivyo zaidi ya wiki moja. Lundo ligeuzwe, ya nje iingie ndani. Asiyeweza, alihifadhi pakavu bila kuongeza jipya. Kwa sehemu za baridi OMS inasema mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Shule yenye mashimo mawili ya zamu inaweza kungoja. Yenye shimo moja, hapana.

Na vijana wa ndoo wapewe mabuti na glavu, walipwe mchana.

Akina mama tuliwajibu hivi: mwaka huu tope liende kwenye migomba, lifukiwe, si kwenye lenga-lenga.