Mtufaha Uliobakia Nyuma ya Kinu

Mwaka 1976, katika mji wa Livingston, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mtufaha mkongwe ulikuwa umesimama karibu na kinu cha zamani cha kukamulia matunda. Mwenye eneo alitaka kuukata apate mahali pa kulima mboga. Kabla haujaangushwa, akafika mtu aliyekuwa akizunguka kutafuta matufaha ya zamani yaliyopotea. Akakata vijiti vichache, akaenda navyo. Mti ukakatwa kweli.

Mti huo ulikuwa Harrison, tufaha lililoupa mji wa Newark, New Jersey, sifa ya saida, yaani kileo cha maji ya matufaha yaliyochachushwa kwenye mapipa.

Kwa macho tunda lenyewe halivutii. Ni dogo, la manjano, lina vidoadoa vyeusi vinavyokwaruza ukilipapasa, na kikonyo chake ni kirefu hata watu wa zamani wakaliita kwa kikonyo hicho. Nyama yake ni ngumu, kavu mdomoni. Likipangwa sokoni kando ya matufaha mekundu yanayong'aa, wateja watalipita. Lakini likamue! Hutoa maji mazito yaliyokolea rangi, yenye sukari tele, na sukari ndiyo inayoipa saida nguvu. William Coxe, mkulima wa New Jersey aliyechapisha kitabu kuhusu miti ya matunda mwaka 1817, anasema saida hiyo iliyosafishwa tayari kwa kutiwa chupani iliuzwa New York kwa dola 10 na zaidi kwa pipa. Kwa enzi zile, hizo zilikuwa pesa za kuheshimika.

Asili ya Harrison ni eneo la Orange, Kaunti ya Essex, katika shamba la ukoo wa Harrison, karne ya 18. Kilichokuja kuliangusha hakikuwa ugonjwa. Viwanda na nyumba vilimeza mashamba, wahamiaji wa Kijerumani wakaleta bia yao, kisha pombe ikapigwa marufuku nchi nzima kuanzia 1920 hadi 1933. Tunda ambalo kazi yake ni pipani, mkulima angelipeleka wapi?

Mkulima wa parachichi wa Njombe ataelewa upesi kwa nini vile vijiti vya Livingston vilikuwa na thamani kubwa. Ukipanda kokwa ya parachichi bora, hujui utavuna nini. Tufaha ni vivyo hivyo: kila mbegu huzaa mti wenye tabia zake. Anayetaka Harrison hana budi kubebesha. Huchukua kijiti chenye unene wa penseli, hukichonga mshazari, hukikutanisha na shina changa lililochongwa vivyo hivyo ili utando wa kijani chini ya magome mawili ugusane, kisha hufunga imara. Mkato ukikauka kabla ya kufungwa, kazi imekwenda bure. Aina nzima ya tunda ilikuwa imeshikiliwa na mafundo ya namna hiyo, na mimi naona aliyeyafunga anastahili heshima sawa na wajenzi wa makumbusho.

Mwaka 1989 mti wa pili wa Harrison ulipatikana Paramus, pia New Jersey. Thomas Burford, bingwa wa matufaha kutoka Virginia, akalipigania tunda hili, vijiti vikasambaa kwenye vitalu, na leo mashamba ya New Jersey yanalipanda tena. Kila mti humo ni tawi la ule wa Orange, umebebeshwa mkono kwa mkono, na kinuni maji yake yanatoka yaleyale, mazito, yenye rangi iliyokolea.