Pima Maji Kabla ya Kununua Hita

Wenye nyumba za wageni, hosteli, saluni na zahanati katika maeneo kama Bunju, Tegeta, Mbagala na Chamazi huhitaji maji ya moto kila siku. Wengi hutumia maji ya DAWASA pamoja na maji ya kisima kirefu. Hita kubwa hununuliwa kwa gharama, lakini kabla ya muda mrefu kupita koili huungua au tangi huanza kuvuja. Lawama huelekezwa kwa hita, ilhali huenda chanzo ni maji yenyewe. Ndiyo maana tunashauri maji yapimwe kwanza, na hita inunuliwe baadaye.

Kilichomo ndani ya maji

Katika Mlima wa Wazo, Tegeta, huchimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji. Maji yanayopita ardhini penye mawe ya aina hiyo huyeyusha chokaa kidogo na kubaki nayo. Hayo ndiyo maji magumu, ambayo hayatoi povu la sabuni kwa urahisi. Yanapopashwa moto, chokaa huganda juu ya koili kama ukoko mweupe wa ndani ya birika. Joto la koili hushindwa kupenya ukoko huo vizuri, na koili huungua.

Maji ya chumvi ni tatizo jingine, hasa kwa visima vilivyo karibu na bahari. Chumvi huharakisha kutu, na hatimaye tangi la chuma hutoboka.

Mtambo upi kwa maji yapi

Mtumiaji asikubali kuuziwa mtambo wa kutibu maji kabla ya kupata majibu ya maabara, kwa kuwa kila tatizo lina tiba yake:

- Mchanga na tope huondolewa kwa kichujio.
- Ugumu huondolewa kwa mtambo wa kulainisha maji. Mtambo huu huhitaji kuongezwa chumvi mara kwa mara ili uendelee kufanya kazi.
- Chumvi huondolewa kwa mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba. Sehemu ya maji hutoka kama maji taka, hivyo gharama yake ihesabiwe mapema.
- Vimelea huuawa kwa klorini au kwa kuchemsha.

Mtambo wa kulainisha hauondoi chumvi wala hauui vimelea. Mtu aliyeuziwa mtambo huo kwa ahadi kwamba maji ya chumvi yatakuwa matamu amepotoshwa.

Ukubwa wa hita na matumizi ya umeme

Kupasha lita 200 za maji kutoka nyuzi joto 25 hadi 60 za Selsiasi hutumia takriban uniti 8 za umeme. Koili ya kilowati 3 hufanya kazi hiyo kwa muda unaokaribia saa tatu. Kwa hiyo, ikiwa wageni huoga saa 12 asubuhi, hita iwashwe takriban saa 9 usiku. Mwenye nyumba ahesabu idadi ya wageni na saa wanazooga kabla ya kuchagua tangi.

Usalama

Maji hutanuka yanapopata moto. Katika tangi la lita 200, ongezeko hilo hukaribia lita 3. Valvu ya usalama huyapa nafasi ya kutoka. Valvu inayodondosha maji isizibwe kamwe, kwani tangi lililozibwa laweza kupasuka na kuua. Fundi aikague na kuibadilisha ikiwa ni mbovu.

Maji yahifadhiwe kwenye nyuzi joto 60, kwa sababu maji ya vuguvugu hustawisha bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu. Hata hivyo, maji ya nyuzi joto 60 huunguza ngozi kwa muda mfupi sana. Valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi ifungwe kabla ya bomba la kuogea, hasa penye watoto na wazee.

Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mtumiaji aombe kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza. Waya wa ethi na swichi ya kukata umeme unapovuja si vitu vya kupunguza gharama.

Kabla ya kulipa

Tunashauri mkataba wa maandishi utaje majibu ya kipimo cha maji, aina ya mitambo, muda wa dhamana na mambo yanayoifuta dhamana hiyo. Mtumiaji adai risiti na aitunze pamoja na mkataba. Endapo bidhaa haifanyi kazi iliyoahidiwa, aanze kwa muuzaji kwa maandishi. Asiposikilizwa, apeleke malalamiko yake Tume ya Ushindani. Karatasi ya maabara itakuwa miongoni mwa ushahidi wake.