Miali kwa moyo unaokimbia vibaya

Hapa kwetu Likasi neno «miali» linaogopesha watu, na si bure. Shinkolobwe haiko mbali. Mchimbaji anayevuta vumbi la kule kila siku anajitafutia ugonjwa. Lakini madini ya Shinkolobwe ndiyo yaliyotoa radiumu huko Ubelgiji tangu 1922, na wanganga wakaitumia kutibu kansa. Leo miali inatumiwa hata kwa moyo, ila mashini yake haina radiumu wala uranium; inafanya miali kwa kuran tu, sawa ile ya kupiga radio ya kifua.

Moyo nao uko na kuran yake ndogo. Kuran hiyo inaupigisha mara 60 mpaka 100 kwa dakika, mtu akipumzika. Mtu ambaye mshipa wa moyo wake uliziba zamani anabaki na kovu ndani ya nyama ya moyo. Kuran ikifika pale inapotea, inazunguka kovu na kurudi palepale, sawa mtu aliyepotea porini. Kila mzunguko unalazimisha moyo kupiga, pengine mara 200 kwa dakika. Hapo moyo haupati nafasi ya kujaa damu. Mgonjwa anasikia kizunguzungu, anaanguka, na wengine wanakufa palepale.

Wengi wanasaidiwa na vidonge, ao kwa kamashini kadogo kanachowekwa chini ya ngozi. Tena munganga anaweza kupitisha waya katika mshipa mpaka moyoni na kuunguza pahali pabaya. Lakini kuko wagonjwa ambao waya haufikii kovu lao, ao mwili wao ni zaifu sana.

Ni kwa hao wanganga Phillip Cuculich na Clifford Robinson wa Saint Louis, Marekani, walijaribu miali. Mgonjwa anavaa fulana yenye waya nyingi inayoonyesha kuran inapotea wapi. Kiisha analazwa chini ya mashini ya kansa, na miali inatoka pande nyingi ikikutana pahali pamoja tu. Anapewa grei 25, mara moja, karibu dakika 14. Hakuna kisu, hakuna kulazwa usingizi.

Habari yao ilitoka 2017. Wagonjwa 5 walikuwa wamepata mashambulio 6,577 katika miezi 3. Baada ya miali na majuma 6 ya kungojea, yalihesabiwa 4 tu katika miezi iliyofuata. Lakini mmoja wao alikufa kwa kiharusi juma la tatu. Miali inaweza vilevile kuwasha mapafu, ao kuleta maji kando ya moyo. Ndiyo sababu inapewa wale tu ambao dawa zingine zimeshindwa.

Mama, usisikie haya ukafikiri kila moyo unaopiga mbio unataka miali! Malaria, upungufu wa damu na woga vinaukimbiza pia. Lakini aliyezimia, ao anayesikia moyo kukimbia gafula na kifua kuuma, aje upesi apigiwe karatasi ya moyo. Anayekunywa vidonge vya moyo asiviache kwa sababu anajisikia muzuri.

Na mtu akianguka nyumbani, haamuki, hapumui vizuri, musimumwangie maji. Mulazeni chali pahali pagumu, weka mikono miwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mukichoka mubadilishane, mpaka msaada ufike.