Bundi Kafia Bustanini? Ulizeni Nani Kaweka Sumu

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi. Bundi ameokotwa asubuhi chini ya mwembe, hana jeraha, na nyumba nzima imekosa amani. Katumwa na nani? Aitwe nani aje kuisafisha nyumba? Nami huuliza kwanza: wiki hii au iliyopita, mtaani kwenu kuna aliyeweka sumu ya panya? Mara nyingi yupo, na mara nyingi ni muulizaji mwenyewe.

Bundi hafuati ukoo wa mtu, anafuata panya. Penye gunia la mahindi, banda la kuku na shimo la taka pana panya, na penye panya bundi atatua. Bundi wa uso mweupe, yule anayependa kulala kwenye dari, aweza kumeza panya wadogo watatu au wanne kwa usiku mmoja. Huko Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwatundikia bundi hawa masanduku ya kutagia ili wawepo. Sisi tunawarushia mawe, kisha tunakwenda kununua sumu.

Na sumu yenyewe ni ya ajabu. Vile vidonge na punje za rangi ya bluu au waridi aghalabu vina brodifakumu au bromadioloni, kizazi cha pili cha warfarini. Warfarini iliingia sokoni Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya, baada ya wanasayansi kuchunguza ng'ombe waliokuwa wakivuja damu hadi kufa kwa kula majani ya malisho yaliyoota ukungu. Ndiyo hiyo hiyo ambayo hospitali huwapa, kwa kipimo kidogo, wagonjwa ambao damu yao huganda pasipotakiwa.

Ini hutengeneza protini za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K. Akiba ya vitamini hiyo mwilini ni ndogo mno, kwa hiyo kila ikishatumika hurudishwa itumike tena, kama chupa ya soda inayorudi kiwandani kujazwa upya. Kipo kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kuirudisha, na sumu hukikaba hicho tu. Protini zilizokwisha kutengenezwa haiziharibu hata kidogo. Zinaendelea kuzunguka kwenye damu na kufanya kazi hadi ziishe zenyewe. Kwa binadamu, nusu ya moja kati yake hupotea kwa saa sita hivi, ilhali nyingine huchukua siku mbili na zaidi kufikia nusu. Ndiyo maana aliyekula sumu leo yu mzima kesho.

Ucheleweshaji huo ndio nguvu ya sumu hii, maana panya ni mjanja: akila kitu kikamuumiza upesi naye akapona, hakigusi tena kile chambo. Hapa hahisi kitu, anarudi kula usiku wa pili na wa tatu, mpaka mwili wake umebeba sumu nyingi kuliko inayotosha kumuua. Halafu analegea na kuzurura mchana. Windo rahisi hilo, kwa paka na kwa bundi. Brodifakumu hukaa kwenye ini miezi kadhaa, hivyo panya wa leo anajumlishwa na wa wiki iliyopita. Bundi anavuja damu kwa ndani, na nje mnaona manyoya safi. Hapo ndipo mganga anapopata mteja.

Wapo pia wale wapita njia wenye vipaza sauti wanaoapa kwamba dawa yao humtia panya kiu akafie nje. Hakuna kitu kama hicho. Panya hufia popote alipoishiwa nguvu, pamoja na darini kwako, na harufu utaisikia.

Kinachonikera kuliko vyote ni maziwa. Mtoto kala punje, kanyweshwa maziwa, siku mbili yuko salama, na jirani anatangaza kwamba maziwa yamemponya. Hayakumponya, ni protini zile zilikuwa hazijaisha. Hata kipimo cha damu cha siku ya kwanza chaweza kuwa safi kabisa, ndiyo maana hurudiwa baada ya siku mbili. Tiba ni vitamini K1 kwa amri ya daktari, na kwa brodifakumu huendelea kwa wiki nyingi, pengine miezi. Unga wa kijivu wa zinki fosfidi ni habari nyingine: ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi inayoweza kuua kwa saa chache. Aliyekufungia unga kwenye kipande cha gazeti hajui amekuuzia upi.

Basi: tegeni mitego, wekeni nafaka kwenye mapipa yenye mifuniko, zibeni matundu. Mzoga wowote ushikeni kwa glovu au mfuko, uzikwe shimo la kina, mbwa asifukue. Kwa walioko Lushoto na Mbulu, ambako tauni imewahi kuua: panya wakifa wengi na hakuna aliyeweka sumu, msiwaguse, kwa kuwa viroboto huhama mzoga unapopoa, toeni taarifa kituo cha afya. Na mtoto akila sumu ya panya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheka na kucheza, na pakiti ya sumu iende naye.